Cheti cha Tumbo Lililokwisha Pona

Benchi letu la kahawa lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Leo asubuhi kakaa hapo Hamira, mwokaji wa kiwanda cha mikate, na kicheko hana. Wiki iliyopita tumbo lilimwendesha mpaka akakosa kazi siku mbili. Akajilalia nyumbani, akapona. Sasa bosi anataka cheti cha daktari, la sivyo kazi hana. Daktari naye kampima, kamkuta mzima hata kikohozi hana, kasema haandiki ugonjwa asiouona. Hamira alikuwa anapita tu kwenda kazini. Sisi, kwa huruma zetu, tukamkalisha tumpe akili.

Wa kwanza kumrukia alikuwa Spana, fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara.

Spana: Kosa lako ulipona mapema. Mtu unaponaje kabla daktari hajakuona? Huo ni ukosefu wa adabu.

Hamira: Nilikuwa chooni, Spana! Hospitali ningefikaje?

Spana: Ungeomba tumbo likusubiri. Mimi gari likiletwa gereji linawaka vizuri, nalirudisha. Nasema, nendeni mkaliharibu kwanza.

Waziri akajikohoza. Ni karani wa stoo, ila akishika kikombe cha kahawa anahutubia.

Waziri: Ndugu zangu, daktari hana ugomvi na Hamira. Anataka kuona mtu anaumwa. Basi apelekewe mwingine. Nina shemeji yangu anatapika kila asubuhi. Aingie kwa jina la Hamira.

Hamira: Shemeji yako yule mjamzito?

Waziri: Ndiyo! Utapewa likizo ya miezi.

Babu Kahawa, mwenye birika, akacheka peke yake.

Babu Kahawa: Mnahangaika bure. Asiyeamini si bosi? Aambukizwe! Akishinda chooni naye, cheti atakuandikia kwa mkono wake.

Hamira: Babu, nimeshapona. Nitamwambukiza nini?

Spana: Si nimesema? Ulipona mapema!

Hamira: Jamani, nyie mnatania tu. Kazi hii ikienda, nyumbani nitaingia na uso gani?

Nilimwonea huruma kweli.

Waziri: Basi tuazimie. Usikanyage kiwandani bila cheti. Ukiingia mikono mitupu, umejifukuza mwenyewe.

Wote tukaafiki. Hata mimi niliinua kikombe.

Jua lilikuwa limeshatufikia miguuni pale mke wa Hamira alipotokea, mkononi kashika aproni nyeupe iliyopigwa pasi.

Mke: Shikamoo, babu. Shemeji zangu, habari zenu.

Babu Kahawa: Marahaba, mwanangu.

Mke: Baba watoto, uliisahau aproni, nikakupelekea kiwandani. Hupo! Bosi wako anasema habari ya cheti ingezungumzika, mradi angekuona kazini. Halafu kaniuliza swali, nikaona nikuletee mwenyewe.

Hamira: Swali gani?

Mke: Leo unaumwa nini?

Hamira akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Spana. Spana akatazama ng'ambo, mlango wa gereji bado una kufuli na wateja wawili wamesimama mbele yake. Waziri akanyoosha kikombe aongezewe, apate kufikiri.

Babu Kahawa akapindua birika. Halikutoka hata tone.