Kipimo cha Mgonjwa Aliyetangulia

Benchi la mkabala na geti la hospitali limekosa mguu mmoja, limeegeshwa kwa tofali, na wakaaji wake ni walewale: Waya, fundi wa redio zilizokwisha kata roho, Breki, dereva aliyemzika dada yake juzi, na Digrii, mwenye cheti cha kompyuta na soli iliyotoboka, mwezi wa nne sasa hana kazi. Dada wa watu, mshona sare za shule, alifungwa humo dripu ya pampu ya kompyuta, dawa ikamwingia mara kumi ya kipimo. Asubuhi hiyo walikuwa wakinywa kahawa.

— Ni umeme tu, alisema Waya. Ukipanda, dawa nayo inapanda.

— Umeme wapi, Breki akamkata. Zile zinaongozwa na setilaiti. Kuna mtu kakaa huko anabonyeza, anapunguza watu.

— Akampunguze mshona sare za shule? Ili iweje?

— Muulize Digrii. Si alikuwa kwenye kampuni iliyozitengeneza?

Digrii alitazama viatu vyake.

— Programu ya hizo pampu tuliiandika kwa Rust, lugha ya kuandikia programu, bro. Viwandani wanaipenda kwa ukali wake. Kitu kikishafutwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hairuhusu ukisome tena. Inakukatalia hapohapo, mezani kwako.

— Sasa mbona dada yangu kosa lilimfikia? akauliza Breki.

— Ilikataa siku tatu. Bosi anataka mzigo Ijumaa. Kuna neno, *unsafe*. Ukiliandika unapata upenyo, ni kama kuiambia: niachie, najua ninachofanya. Nikaliandika.

— Ulikuwa unajua?

— Nilikuwa nataka mkataba. Hata huo sikupewa. Jana nimeifungua tena ile programu, nakala iliyobaki kwangu. Pampu inaweza kusoma kipimo cha mgonjwa aliyetangulia, kilichokwisha kufutwa, ikampa anayefuata.

Breki aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru.

Mwanamke mwenye chupa ya chai, aliyetoka getini na kuketi pembeni kupumzika, akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Hizo pampu nyingine, zimeshazimwa?

Digrii aligeuka kutazama geti.

— Nauliza kwa sababu mama yangu wamemfunga moja sasa hivi.

Digrii alishachomoka. Getini mlinzi alimwekea mkono kifuani: kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.