Mzee Viambatisho Anatundika Pazia

Baada ya miaka ishirini na saba, tarehe 30 mwezi huu, Mzee Viambatisho anatutoka. Msishtuke, ni mzima wa afya, anastaafu tu. Kila anayesoma taarifa hii ana kidonda chake, maana hakuna fomu iliyopita mezani kwake ikarudi bila wino mwekundu na swali kuhusu viambatisho.

Kazi yake ilikuwa kututengenezea hesabu za kodi sisi mafundi wa mkataba, tunaotumwa miji ya mbali na kupewa posho ya nauli na ya pango. Sisi tulidhani posho ni zawadi. Yeye alitufundisha kwa ukali wa mama mkwe: fundi wa mkataba amejiajiri, kwa hiyo posho yote ni mapato, aitaje, kisha atoe nauli na pango alilolipa kweli, kwa risiti. Na pango halitolewi kama huna nyumba yako kwingine unayoendelea kuitunza. Hapo alikuwa na kipimo kimoja: pazia. Aliyetundika pazia mji wa kazi, kwake yeye, amehamia, na pango lake halitolewi.

Mimi ninayeandika ni fundi lifti. Niliwahi kuchomeka risiti ya pazia la maua katikati ya tiketi za basi. Lo! Alikataa kunitolea pango, risiti akaibandika ukutani, ikakaa miaka sita. Mwaka ule nililipa kodi hadi nikakonda. Wakaguzi walipokuja, wajanja wenzangu walitozwa faini, mimi wakaniaga kwa kunipa mkono.

Kumbe naye alikuwa wa mkataba, ukihuishwa mwaka hadi mwaka, na mkewe alibaki nyumbani kwao, mji wa mbali. Dirisha la chumba chake lilizibwa kwa gazeti. Tukamcheka kwa ubahili, tukachanga, tukamnunulia pazia. Alilirudisha, akasema kwa upole tusioujua kwamba akilitundika hapa, mkewe kule atakuwa anasubiri mgeni.

Mwezi jana mkurugenzi alitaka kumwongezea miaka miwili na malipo manono. Tuliomba akubali, maana nani atatujazia fomu? Mkewe alipoambiwa kwa simu, alikata. Jioni ile Mzee alikataa mkataba, akabandua gazeti dirishani.

Mzee wetu, asante kwa wino mwekundu, umetuokoa tukikununia. Tunakutakia mapumziko marefu na usingizi usio na fomu. Zawadi yetu ni pazia lilelile, mkeo mwenyewe ametupa vipimo vya dirisha la nyumbani kwenu tukalipunguza. Risiti imo kwenye bahasha, usitusumbue. Nenda ukalitundike.