Kilimi Hakikuwa na Makosa

Akina mama, msinipigie makofi bado. Nimekuja na hasira na sitaificha.

Msichana wangu alizaliwa mnono, mlimwona. Alipofika miezi miwili akaanza kutapika. Kila akinyonya, maziwa yanarudi, analia akijipinda mgongo. Akakonda mpaka nepi zikawa zinamtoka. Na nyinyi, hapa hapa Kimumu, mkaja kwangu, mkanywa chai yangu, mkasema, "Mama, huyo ana njaa. Akitapika, mjazie tena." Nikajaza. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa midomo yenu kuliko nilivyomwogopea yeye.

Kisha mmoja wenu, simtaji, akasema ni kilimi, hicho kinyama cha kooni, eti kimekuwa kirefu na lazima kikatwe. Akaniletea mzee wa kukata, wembe wake umefungwa kwa gazeti. Mkanishikia mtoto. Kumfungua mdomo, ni mimi niliyemfungua. Hiyo nakubali, ni yangu.

Damu ilikataa kukoma. Nikamnyakua nikakimbia hospitali, leso imelowa, na hakuna hata mmoja wenu aliyenifuata.

Walipoizuia damu, muuguzi akaniuliza swali ambalo nyinyi wote hamkuniuliza: "Mama, unamlisha aje?" Nikamwonyesha. Mtoto akapigwa picha ya tumbo, na masaa baada ya kunyonya, maziwa bado yalikuwa yamekaa pale. "Tumbo lake linapitisha chakula polepole," akasema. "Ukiongeza maziwa mengine juu yake, yanarudi na asidi, inamchoma koo. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, halafu mshike wima." Tukapewa dawa, tukarudi kliniki wiki baada ya wiki. Kilimi hakikuwa na makosa yoyote.

Leo ana mwaka mmoja, anakula, na nikichelewesha chakula ananigombeza.

Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru jirani yangu mmoja, aliyekuwa akimshika wima ili nipumzike. Nyinyi wengine mmekuwa mkiniambia Mungu ni mwema. Ni mwema kweli, lakini ule wembe hamkuutoa kwake.

Somo langu ni moja: mtoto akitapika na kukonda, mpeleke kwa daktari, si kwa jirani.

Na sikusimama leo kwa kupenda. Dada mgeni, wewe uliyeketi karibu na mlango, nimesikia hawa wameshakuambia mtoto wako ana kilimi, na mzee anakuja kesho. Inuka, nipe mtoto nikubebee. Tunaenda hospitali sasa hivi, hawa waendelee na mkutano wao.