Aliyeuambia Mlio Unyamaze

Baada ya miaka thelathini na nne na miezi miwili ya kulala chali chini ya magari ya hospitali yetu, fundi mkuu wa karakana, tunayemwita Bi Nati, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Kamati ya jarida imenitaka mimi, Mjomba wa karakana, niandike wasifu wake. Shule niliiaga darasa la sita, lakini kwa maneno sijashindwa na mtu, na kwa injini nashindwa na mmoja tu. Ndiye huyo.

Alianza kazi kama mfagiaji. Siku moja, ufagio mkononi, akawaambia mafundi kwamba gari walilolifunga asubuhi lina nati imelegea, anaisikia. Wakacheka hadi wakakaa chini. Jioni nati ikamdondokea fundi mmoja mguuni. Ufagio akapewa mwingine. Yeye akapewa spana, na jina.

Kifaa chake ni bisibisi ndefu. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Hapo hata redio inazimwa. Kuna daktari wa meno alileta gari lake la zamani, linalia tik, tik, tik. Kwingine ameshaambiwa injini ifunguliwe yote. Bi Nati hakugusa hata boneti. Aliinama kwenye tairi, akachokonoa kijiwe kilichonasa, akamkabidhi: "Daktari, jino lako hili. Limeng'oka bila ganzi."

Lakini habari ninayotaka ibaki kwenye kumbukumbu ni ya lile gari kuukuu la wagonjwa, miaka kumi na tisa iliyopita.

Lilianza kugonga Jumatatu. Tik, tik, kama ukucha juu ya bati. Ukifungua boneti, kimya. Ukifunga, linaanza. Mimi nikasema ni vali, na nani wa kunibishia? Nikazirekebisha, nikasaini fomu ya kuliruhusu. Saa nane mchana lilikuwa liwapeleke wajawazito wawili wa kufanyiwa upasuaji hospitali kubwa, chini ya ule mteremko mrefu.

Bi Nati akaingia nyuma, akalala kwenye machela, pale pale anapolala mgonjwa, akamwambia dereva azunguke uani polepole. Dereva ananiapia mpaka leo: kwenye kioo alimwona kanyooka kama maiti, midomo tu inahesabu. Alipotoka, uso umempauka.

"Mlio wa vali hauijali klachi," alisema. "Huu, akikanyaga klachi unanyamaza. Akiachia, unarudi. Gari haliondoki."

Msimamizi akaja juu. "Mjomba ameshasaini! Wewe shusha giaboksi, na ukikosa kitu, fungua na kabati lako ubebe virago."

"Sawa, bosi. Nipe jeki."

Wajawazito wakapelekwa kwa basi la shule ya jirani. Sisi tukashusha giaboksi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, lililoshikwa na bolti nane. Tano zilikuwa zimekatika. Tatu zilizobaki nilizizungusha kwa vidole kama vifuniko vya chupa. Kwenye ule mteremko gurudumu hilo lingechomoka na kupasua sakafu hadi kwenye machela.

Nilikuwa bado nimezishika mkononi, ndipo tukasikia. Giaboksi iko chini. Betri imetolewa. Injini imepoa kama jiwe la mtoni. Tik. Tik. Tik. Mlio unatoka mle mle ndani ya gari.

Mnajua mimi huongeza chumvi. Hapa sijatia hata punje. Saa tisa mchana, jua linawaka, wanaume saba tulijikuta nje ya geti, na msimamizi ndiye aliyetangulia. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Bi Nati alikuwa amebaki peke yake. Aliweka bisibisi kwenye injini, akasikiliza, akasikiliza, huku akitikisa kichwa kama mtu anayepewa maagizo. Kisha akakipapasa kile chuma kwa kiganja, akasema kwa upole, "Basi. Nimesikia. Nyamaza sasa."

Ukanyamaza.

Hajapata kutuambia aliambiwa nini. Bolti mpya alizikaza mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu, na gari lile halikugonga tena hadi lilipopumzishwa.

Akina mama wale walijifungua salama. Walipita karakana, watoto mgongoni, wakauliza ni fundi gani aliyelizuia gari. Nikasema ni mimi. Bi Nati alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, anafuta mikono kwa kitambaa. Akawatazama watoto, akatabasamu, akarudi kazini.

Tangu siku hiyo nimeisimulia habari hii misibani na harusini, na kila mara mimi ndiye niliyelala kwenye machela. Amenisikia mara nyingi, kikombe cha chai mkononi. Hajanisahihisha hata mara moja.

Sasa naandika kwa mkono wangu, na sahihi yangu iko chini: alikuwa yeye. Mimi ndiye niliyeliruhusu gari.

Asante, dada. Kwa niaba ya wote waliofika salama walikokuwa wakienda, na hawakujua kwa nini, tunakuombea maisha mema na marefu.

Mjomba wa karakana