Tuta la Novac

— Kama Novac alilima, alipanda nini?

Swali hilo Ilinca alilitupa kahawa ikiwa bado inachemka kwenye birika la shaba. Benchi iliyo nje ya geti la Bi Safta ina desturi yake: swali likiwa gumu, watu wanapuliza vikombe. Ng'ambo ya barabara tuta hilo liitwalo la Novac lilikuwa limejinyoosha katikati ya mashamba, limevaa nyasi, refu mpaka macho yachoke. Ubavuni mwake lilisimama trekta la Sandu, plau ikiwa tayari nyuma. Sandu alitaka, akimaliza tu kahawa, alipasue apande mahindi. Ilinca, mpwa wake aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa anafuka kwa hasira.

— Mjomba, hilo lilijengwa na Warumi! Linalindwa na sheria.

— Warumi wapi, mwanangu? alicheka Sandu, ambaye kijiji kizima kinamwita Dizeli. Linaitwaje hilo? Si tuta? Na tuta kazi yake nini? Kulimwa!

— Novac alikuwa jitu, alisema Bi Safta. Alifunga fahali wawili, akalima toka mto Danube mpaka huko kusikojulikana, kwa siku moja.

— Fahali? Bi Safta, acha kamba! alidakia Pantelimon, mshona viatu, kwa jina la benchi Profesa. Novac alifunga joka! Fahali angekufa kiu.

— Kwani joka halinywi? aliuliza Bi Safta.

— Linakunywa Danube yenyewe. Unadhani kiangazi maji yanakwenda wapi?

Benchi ikaangua kicheko. Hata Ilinca alijiuma mdomo.

— Semeni mtakavyo, alisema Sandu, sauti imemlainika, lakini tazameni lilivyonyooka. Mimi na trekta zima, mistari yangu imepinda kama mkia wa nguruwe. Yule alikuwa mkulima, bwana!

Hapo hapo Ilinca akamrukia.

— Mjomba, jirani yako Gavrilă alipolima mstari mmoja tu ndani ya shamba lako, ulimfanyaje?

— Nilimkimbiza na uma wa nyasi mpaka kanisani! Tuta la mtu haligus...

Profesa akapuliza kikombe kilichokwisha kupoa. Bi Safta akainamisha birika; zikatoka chicha tupu.

— Lakini mwenyewe hayupo, alinong'ona Sandu, macho kwenye tuta.

— Kazi yake ipo. Naomba, mjomba, urudishe trekta nyumbani.