Mawe ya Vikombe na Kondoo wa Hagg Rigg

Mgeni rasmi, Bwana Everard Tindall, Mkaguzi wa Mambo ya Kale, kasisi wetu, wazee, mama zetu na majirani mliopanda mpaka huku juu:

KARIBU KWETU
Sisi wafugaji wa Skelbeck tunakusalimu kwa heshima. Tumefurahi kwamba umekuja tena mwenyewe kwa miguu na hukutuma karani. Buti zako zimelowa, tunaziona. Jiko la Mama Raine linawaka, na mkate na jibini vinakungoja.

TULIKOTOKA
Mawe haya hatujui aliyeyachonga. Ulituandikia kwamba ni watu wa kabla ya chuma, nasi tumekubali. Tulichorithi ni mawe arobaini na moja yenye vishimo kama vikombe, na miduara kuvizunguka, pamoja na misingi ya nyumba saba za mviringo. Babu zetu hawakuibomoa. Theluji ya Aprili ikishuka, kondoo wenye mimba huingia wenyewe ndani ya kuta zile wakazaa humo.

Juu huku hakuna uzio unaowagawa kondoo wetu. Kila kundi lina upande wake wa mlima, na mama ndiye anayemwonyesha mwanawe mpaka uko wapi, maji yako wapi, na upepo ukivuma wajifiche wapi. Sisi hatuwafundishi. Ukiwashusha bondeni mwaka mmoja tu wakazalia huko, wana hawatajua kitu, na hakuna atakayeweza kuwaambia.

TULIYOYAFANYA
Mzee Jabez Thwaite alikuwa akivunja mawe ya mlimani kujengea kuta. Tangu ulipopiga picha jiwe la kwanza hajavunja hata moja. Siku hizi huyafuata mtoni, na kila jioni anatukumbusha mgongo wake unavyomuuma kwa ajili ya serikali. Lango nalo tumelihamisha, mikokoteni isipite tena juu ya misingi.

KOSA LETU
Hili tunalisema wenyewe. Barua yako ilisema unataka kuyaona mawe yakiwa wazi. Kwetu, kila Ijumaa wanawake husugua vizingiti na kuvichora ukingo mweupe, mgeni ajue ameingia kwa watu safi. Basi Mzee Jabez akaanza:

"Mgeni wa serikali akute jiwe limeota ukungu? Si atasema tunaishi kama nguruwe!"

Mama Raine akamjibu, "Wewe mzee, buti zako hazijaona brashi tangu ulipooa, leo unataka kuuosha mlima?"

"Buti zangu hazitembelewi na wakubwa."

Mama Raine alicheka, lakini ndoo aliibeba, nasi tukamfuata. Tulilisugua jiwe kubwa mpaka likang'aa, na kila mduara tukauchora ukingo mweupe kama kizingiti. Umeliona ulipofika. Uso wako nao tuliuona. Tunaomba radhi. Weupe mvua itauosha, ila ukungu ule, wewe mwenyewe umetuambia, ulikuwa wa mamia ya miaka. Hatutasugua tena.

TUNACHOOMBA
Mkobani mwako mna karatasi ya amri ya kuuzungushia mlima wote waya na kuwatoa kondoo. Tunaogopa jiwe lile tulilolisugua lisije likaipatia sahihi yako. Hatukatai mawe yalindwe. Tunaomba tu kwamba kabla ya kutia sahihi utembee nasi hatua mia mbili, mpaka kipande ambacho mwenye ardhi alikifunga kwa waya miaka mitano iliyopita, kwa ajili ya ndege anaowawinda. Ramani yako ya zamani inaonyesha mawe manne humo. Jumanne tulikwenda kuyatafuta. Magugu ya kangaga yalitufika kifuani. Tulilipata moja, nalo kwa kujikwaa, mizizi imeingia kwenye ufa wake. Upande wa pili wa waya, kondoo wanakokula, mawe yote yanaonekana ukiwa barabarani.

"Mwambieni kondoo ndio wanaomfagilia," Mzee Jabez alisema, "na hawatumii ndoo."

Tulipokuwa tukirudi, tulimkuta kondoo mzee wa Mama Raine, yule mwenye pembe moja, amelala na mwanawe mahali pake pa kila siku, ndani ya nyumba ya juu kabisa kati ya zile saba. Alipoinuka, jua la asubuhi lilikuwa bado chini, likapita kiubavu juu ya jiwe alilolilalia. Tuliona miduara mitano. Tumeitazama ramani yako mara tatu, na jiwe hilo halimo.

Hatukuligusa hata kwa kidole. Amesharudi kulala hapo. Ukienda polepole, Bwana Tindall, atakupisha.

Mungu akushushe salama mlimani leo, akupe afya, na Aprili ijayo akurudishe kwetu uzikute nyumba zile saba zina wenyewe.

Ni sisi,
Wafugaji wa Skelbeck, upande wa Hagg Rigg
Imesomwa kwa niaba yao na Annis Alderson
Agosti 1927