Kompyuta Haina Shangazi

"Pamba yenu ikishapimwa kijijini, inalala siku ngapi kabla ya kupimwa tena kiwandani?"

Ndugu zangu, niliulizwa swali hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ofisini, hapa hapa Bariadi, na sikuwa na jibu. Kwa kuwa sikuwa na jibu, nilimchukia aliyeuliza. Yote yaliyonipata yalianzia hapo.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye ninayeinua mkono katikati ya maombi kuuliza tumejuaje. Kwa hiyo msiniitikie haleluya mapema. Sikilizeni kwanza, mkiona kuna kitu mtaitikia. Na kwa utaratibu wa kikundi chetu, sitataja jina la mtu, la kampuni wala la kijiji yalikotokea haya.

Nilitoka chuo na shahada ya takwimu, nikaajiriwa na kampuni ya kununua na kuchambua pamba. Ilikuwa inakua kwa fujo. Ilianza na vituo vitatu vya kununulia, Kasoli na jirani zake, mara tukawa na vituo kila upande hadi mpakani mwa Meatu. Mkurugenzi hakujua tena kinachoendelea wapi. Alikuwa mtu wa kupiga meza. Siku moja aliipiga hadi kikombe kikaruka kikapasuka ukutani, akasema, "Nataka programu itakayonionyesha biashara yangu yote kwenye kioo kimoja! Msomi, chagua wewe."

Nikaita wauzaji wawili. Wa kwanza alikuja na suti, akawasha kioo, na vituo vyetu vyote vikatokea kama taa: kijani, njano, nyekundu. Kituo kinachopoteza uzito kupita mstari fulani kati ya kijiji na kiwanda, chekundu. Mkurugenzi akapiga makofi. Wa pili alikuja na daftari. Hakuwasha chochote. Aliuliza tu maswali, na lile la siku ngapi alilirudia mara tatu. Nikamwambia, "Kaka, wewe umekuja kuuza au kunihoji?" Akasema, "Dada, nikiwauzia bila kujua, nitawauzia kisu." Nikamtoa ofisini.

Nikachagua ya kwanza. Mimi, ninayemhoji hata mchungaji, sikuuliza ule mstari mwekundu umechorwa na nani.

Wiki ya tatu ya msimu, kituo chetu cha mbali kabisa kikawaka chekundu. Kesho yake chekundu, na keshokutwa. Nikachapisha karatasi yenye jedwali na rangi yake, nikaweka sahihi yangu chini. Nilijiona nimekamata mwizi kwa akili peke yake. Mkurugenzi akaibandika kituoni kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wakulima. Karani wa kituo akajaribu kujieleza.

"Bosi, pamba hii—"

"Nyamaza! Kompyuta haina shangazi. Haimpendelei mtu wala haimwonei mtu. Imekuona."

Akapanda gari akaondoka. Aliwaacha sungusungu, walinzi wa kijiji, wamalizie.

Nawaambia kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo. Walimfunga kwenye nguzo ileile inayoshika mizani. Walimchapa fimbo za mgongo hadi shati likaingia kwenye nyama. Walimuuliza pamba kaificha wapi, na kila aliposema haipo, waliongeza. Mmoja akampiga kibao cha sikio, na sikio hilo halijasikia tena mpaka leo. Walipochoka, wakamtenga. Wenyeji wanajua maana yake. Mke wake akienda kisimani, wengine wanabeba ndoo zao wanaondoka. Mashine ya kusaga haipokei mahindi yake. Mtoto wake akifa, atazika mwenyewe. Na atakayewasalimia anatozwa faini. Ili arudi kwa watu, alitakiwa alete ng'ombe aliwe na kijiji kizima. Akakataa. Alisema akitoa ng'ombe atakuwa amekiri.

Mimi nilisikia haya nikasema, na Mungu anisamehe kama yupo, nilisema, "Angalau data imefanya kazi."

Siku nne baadaye nilikuwa nakula mchana kwa mama ntilie, nyuma ya stendi. Wanaume watatu wakasimama juu yangu. Ndugu za karani. Mmoja alishika ile karatasi, ina matone ya damu yaliyokauka.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Soma."

Nikarudisha macho kwenye sahani. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikamkumbuka mama yangu.

"Soma, msomi! Soma kwa sauti, watu wasikie!"

Nikasoma. Ndugu zangu, nilisoma na meno mawili yako kwenye sahani yangu ya wali. Kila nilipofika kwenye neno "upotevu", fimbo ilishuka. Nilikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukikatika kama muhogo mkavu. Nilidhani nakufa, na watu waliokuwa wanakula walisogeza viti vyao tu.

Aliyeniokoa ni mama mwenye mgahawa. Aliinua sufuria ya maharage inayochemka akammwagia aliyeshika fimbo, kifuani. Yule mtu alilia kama ng'ombe. Mama akashika mwiko, akawaambia wale wawili, "Na nyie mnataka? Sufuria ya mchuzi bado." Wakamburuta mwenzao wakakimbia.

Hospitali nililala na mkono kwenye plasta na hasira iliyonizuia hata kumeza. Nilitaka wafungwe, wachapwe, wachomwe. Yule mama wa mgahawa alikuja na uji kila asubuhi, na siku moja nilipomaliza kulaani akaniita mama kwa Kisukuma, akaniuliza, "Mayu, huyo karani aliiba kweli?"

"Kituo kilikuwa chekundu, mama."

"Sikuulizi rangi. Mimi nanunua dagaa Lamadi, bado wana unyevunyevu. Nikichelewa kusafirisha, nikifika hapa gunia limepungua. Kaniibia nani?"

Akanisogezea kikombe.

"Ni jua," akasema. "Kunywa uji."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposikia lile swali upya. Siku ngapi? Nilimpigia simu yule wa daftari kwa mkono mmoja. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Aliniambia programu niliyonunua ilitengenezewa maghala ya saruji na sabuni, bidhaa zisizokauka, na mstari wake mwekundu ulikuja nayo kutoka kwa walioitengeneza. Nikaomba kitabu cha safari za malori. Vituo vya jirani vilifuatwa kila baada ya siku mbili. Kile cha mbali pamba yake ililala wiki mbili, wakati mwingine zaidi, chini ya bati linalowaka.

Nilimpelekea mkurugenzi hesabu hiyo. Akanirushia faili usoni, mkono wangu ukiwa bado kwenye plasta. "Unataka niende kijijini nikaseme kampuni ni ya wajinga?" Akanifukuza kazi palepale.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta kamanda wa sungusungu anachonga mpini, nikamsalimia mwadila, nikamwambia nataka gunia moja la pamba mpya, lipimwe mbele ya watu, alifungie yeye kwa kufuli yake mwenyewe, na lipimwe tena baada ya siku kumi na nne.

Akanitazama mkono. "Na uzito usipopungua?"

"Mtanifanya nini?"

"Utafungwa pale alipofungwa mwenzako. Fimbo zilezile."

Nikakubali. Msidhani ni imani. Nilikuwa naogopa, lakini hesabu niliirudia mara nyingi kuliko maombi.

Siku ya kumi na nne watu walijaa, kila mwanaume na fimbo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mchawi huyo! Ameliroga hilo gunia!" Jiwe likanipita sikioni. Kamanda akafungua kufuli, akalitundika gunia, akasoma. Akalishusha. Akalitundika tena. Mara ya tatu akamwita mzee mwingine asome. Lilikuwa limepungua karibu kilo tano, na kufuli ilikuwa yake.

Watu wakasogea kuitazama mizani. Kisha mke wa karani, ambaye kwa wiki nyingi hakuna aliyempa hata salamu, akapenya katikati ya watu akamzaba kamanda kofi lililosikika hadi barabarani. Fimbo zikainuka. Nilifumba macho. Kamanda akanyoosha mkono kuwazuia watu wake. "Acheni," akasema. "Ni deni."

Lakini akasema pia hakuna aliyewahi kurudi kwa watu bila ng'ombe, na hawezi kubadilisha hilo peke yake. Karani alikataa tena. Nikasema, "Basi ng'ombe ni wangu. Aliyekosea ni mimi." Niliuza pikipiki yangu, nikanunua ng'ombe. Alichinjwa pale kituoni, na waliomchapa karani walikula sahani moja naye, mikono ikigusana kwenye nyama. Sikupenda kutazama. Nilitazama.

Leo nasaidia vyama vya wakulima kuchagua programu, na mtu wa kwanza ninayemwita ni yule wa daftari. Mkononi nina chuma, na kukiwa na baridi kinanikumbusha. Namshukuru mama wa mgahawa, kwa sufuria na kwa swali. Namshukuru kaka wa daftari. Namshukuru kamanda, kwa kulikubali kofi. Namshukuru karani, aliyenipa kiti kwake. Na ninyi, mlionipokea hapa bila kunilazimisha niamini kwanza.

Somo langu ni dogo. Mkionyeshwa kioo kinachomtaja mtu kuwa mwizi, ulizeni mstari umechorwa na nani, na kwa mzigo gani. Ulizeni kabla ya kuweka sahihi. Anayewauliza maswali msiyoweza kujibu, mpeni kiti.

Jambo la mwisho nimelijua mwezi uliopita tu, na karani ameniruhusu niliseme. Kabla ndugu zake hawajaja mjini kunitafuta, walipita kwake. Alikuwa amelala kifudifudi, mgongo wazi. Walimwinamia upande wa sikio zima, wakamuuliza kama waende.

Akawajibu, "Nendeni."